Istilahi za Vifuatilizi Nururifu katika Uchunguzi wa Figo

Utangulizi

Istilahi haimalizi safari yake katika kamusi. Ikisha kuundwa na kusanifishwa, hutoka humo ikaingia katika barua na vitabu. Kutoka vitabuni ikaingia katika vinywa vya walimu na wahudumu. Na mwishowe hufika katika masikio ya mtu ambaye hakuwapo ilipobuniwa, wala pengine hatapata nafasi ya kuuliza ina maana gani. Kwa sababu hiyo mwundaji wa istilahi hana budi kumfikiria msikilizaji huyo wa mwisho tangu mwanzo wa kazi yake.

Makala haya yanachunguza kikundi kidogo cha istilahi, yaani zile zinazohusu vitu nururifu vitiwavyo mwilini kwa kiasi kidogo sana ili daktari aweze kuona jinsi figo zinavyofanya kazi. Fani hii ni ngeni kwa wengi wetu, lakini imekwisha kufika nchini. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina huduma za tiba ya nyuklia. Na matumizi ya vitu nururifu husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina ofisi na maabara zake Njiro, Arusha. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ikachukua nafasi ya tume ya mionzi iliyotokana na Sheria Na. 5 ya mwaka 1983. Basi barua, fomu, hati za forodha na maelezo ya wagonjwa yanahitajiwa kwa Kiswahili, na tafsiri zake zitafanywa, ama kwa mpango ama kwa kubahatisha.

Barua moja ya Ngaramtoni

Tuanze na mfano wa kubuni. Tufanye kwamba yuko mtoto wa miaka minne huko Ngaramtoni, katika barabara itokayo Arusha mjini kwenda Namanga. Mtoto huyu amepatwa mara kwa mara na ugonjwa wa njia ya mkojo, na daktari anataka kujua kama figo zake zimepata makovu. Anamwandikia rufaa, na maelezo ya uchunguzi yameandikwa kwa Kiingereza. Mhudumu anaombwa awafasirie wazazi. Akitumia maneno yanayomjia kwanza, huenda akaandika hivi:

"Mtoto atadungwa sindano ya sumu ya mionzi. Nusu ya uhai wake ni saa 6. Kipimo kitaonyesha usafishaji wa figo, na kipimo chake ni kidogo."

Hakuna neno hata moja katika barua hii ambalo halina mtetezi. Kila moja limewahi kutumika mahali fulani, na kila moja laweza kuonyeshwa kwamba linalingana na neno la Kiingereza lililokusudiwa. Hata hivyo mzazi atakayesoma barua hii akakataa kumpeleka mtoto wake hatakuwa mjinga. Atakuwa amefanya lile ambalo barua imemwelekeza kulifanya. Ameambiwa kwamba mwanawe atapewa sumu, kwamba uhai wa mtoto umebaki saa 6 au nusu yake, na kwamba figo zake zitasafishwa. Hata lile la mwisho litamtisha, kwa maana kusafisha figo kwa lugha ya kila siku ni ile tiba ya mashine wapewayo watu ambao figo zao zimekwisha kushindwa.

Tena barua haitaishia kwa wazazi. Wenyeji wengi wa upande huo ni Waarusha, na lugha yao ni ya Kimaasai. Jina la Ngaramtoni lenyewe lina ndani yake neno la Kimaasai engare, maana yake maji, kama lilivyo jina la Ngarenanyuki upande wa pili wa Mlima Meru. Jioni, bibi wa mtoto atataka kuelezwa, na mzazi atayatafsiri tena maneno ya barua kwa lugha ya nyumbani. Neno la kukopa lisilojieleza haliwezi kuvuka daraja hilo la pili. Hubaki mdomoni mwa msemaji kama sauti tu. Neno lililoundwa kwa mizizi inayojulikana huvuka, kwa kuwa msemaji anaweza kutafuta katika lugha yake kitenzi kile kile. Hiki ndicho kipimo tutakachokitumia katika makala haya: istilahi njema ni ile ambayo maana yake haipotei ikitafsiriwa mara ya pili.

Figo na vitenzi vyake

Mtu mzima ana figo mbili, na kila moja ina vijichungi vipatavyo milioni moja, ambavyo wanabiolojia huviita nefroni. Kila nefroni ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni kifundo cha vimishipa vyembamba sana vya damu. Ya pili ni kineli kirefu kilichojikunja, ambacho hupokea maji yaliyochujwa na kuyapeleka hadi yawe mkojo. Mtu akiwa amepumzika, karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita katika figo. Kwa siku moja figo huchuja maji yapatayo lita 180, lakini mkojo utokao ni lita moja au mbili tu, kwa kuwa yaliyobaki yote hufyonzwa tena na kurudishwa katika damu.

Katika maelezo hayo mafupi imo mizizi ya matatizo yetu. Watu wengi husema kwamba kazi ya figo ni kuchuja, na husema kweli. Lakini figo haifanyi hilo peke yake. Kifundo huchuja. Seli za kineli hufyonza maji na chumvi kuzirudisha katika damu. Seli hizo hizo hushika vitu fulani kutoka katika damu na kuvitema ndani ya mkojo bila kuvipitisha katika kifundo. Tena viko vitu ambavyo seli hizo huvishika zikakaa navyo kwa muda mrefu. Basi yako matendo manne: kuchuja, kufyonza, kutema na kushika. Mfasiri atakayeyaita yote manne "kuchuja" atakuwa amelipunguza jambo lenyewe, na hasara yake, kama itakavyoonekana, si ya lugha tu.

Kifuatilizi ni nini?

Wazo la kufuatilia kitu mwilini kwa alama ya unururifu lilianzishwa na mkemia George de Hevesy, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1923 aliitia mimea ya maharagwe katika maji yenye risasi nururifu, akaweza kujua risasi hiyo imefika wapi katika mizizi, shina na majani. Kwa kazi hiyo ya kutumia vitu nururifu kama alama alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 1943.

Wazo lenyewe si geni kwa mfugaji. Mchungaji mwenye kundi kubwa humvika ng'ombe mmoja kengele. Ng'ombe huyo hula majani yale yale na kunywa maji yale yale kama wenziwe, wala kengele haimgeuzi tabia. Lakini kundi likiingia kichakani, mchungaji husikia liko wapi. Atomu nururifu ni kengele. Dawa inayoibeba ni ng'ombe. Kamera iliyo nje ya mwili ni sikio la mchungaji. Sharti la kengele njema ni kwamba isimzuie ng'ombe kwenda aendako, na sharti la alama njema ni hilo hilo: isibadili mwenendo wa dawa mwilini.

Kiiteje basi kitu hiki kwa Kiswahili? Yako maneno kadhaa yanayoweza kupendekezwa. "Kiashiria" kimekwisha kuchukuliwa na wapangaji wa maendeleo, na "kielekezi" na wanasarufi. "Kitambulishi" chaeleza kitu kinachosema mtu ni nani, bali sisi tunataka kujua kitu kinakwenda wapi. "Kifuatwa" ni sahihi kisarufi, kwa kuwa ndicho kinachofuatwa na kamera, lakini huacha nje jambo la pili, kwamba nacho pia huifuata damu katika njia zake zote. Tunapendekeza "kifuatilizi", kutokana na kitenzi kufuatilia, kama vile kuangalia kulivyozaa mwangalizi na kusimulia kukazaa msimulizi. Neno hili hujieleza lenyewe, na mzizi wake waweza kutafsiriwa katika lugha yoyote ya jirani.

Historia fupi ya vifuatilizi vya figo

Uchunguzi wa figo kwa njia hii ulianza kuandikwa mwaka 1956, wakati George Taplin na wenzake huko Los Angeles, Marekani, walipotumia dawa yenye aidini-131 na kuchora mstari unaoonyesha jinsi mionzi inavyoongezeka na kupungua juu ya kila figo. Mchoro huo ndio uitwao renogramu. Mstari hupanda dawa inapofika katika figo, kisha hushuka inapotoka pamoja na mkojo. Figo iliyodhoofika huwa na mstari usiopanda sana. Figo ambayo njia yake ya mkojo imeziba huwa na mstari unaopanda usishuke.

Mwaka 1960 ilipatikana dawa bora zaidi, iitwayo hipurani, nayo pia ilitiwa alama ya aidini-131. Hipurani ilitumika miaka mingi, lakini aidini-131 ilikuwa na kasoro mbili. Unururifu wake huchukua siku 8 kupungua kwa nusu, na zaidi ya mionzi ya gama hutoa chembe za beta, ambazo huumiza tishu bila kuisaidia kamera. Kwa hiyo mgonjwa hakuweza kupewa kiasi cha kutosha kutoa picha safi.

Ufumbuzi ulitoka katika elementi iliyogunduliwa zamani kidogo. Mwaka 1937 Carlo Perrier na Emilio Segrè, huko Palermo, Italia, walitambua elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu, nayo ikaitwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kutengenezwa. Kwa Kiswahili tunaiandika teknetiamu. Mwaka uliofuata Segrè na Glenn Seaborg walipata umbo lake liitwalo teknetiamu-99m. Hili hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na hutoa mionzi ya gama yenye nishati ya kiloelektronivolti 140, inayofaa sana kwa kamera ya gama iliyobuniwa na Hal Anger huko California mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya wakemia: kutafuta dawa ambayo itaibeba teknetiamu na ambayo figo itaitendea tendo moja mahsusi. Hapo ndipo yalipopatikana majibu matatu. DTPA ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970. DMSA ilifuata yapata mwaka 1974. Na mwaka 1986 Alan Fritzberg na wenzake nchini Marekani walitangaza MAG3, ambayo ilishika nafasi ya hipurani.

Dawa tatu, vitenzi vitatu

Majina ya dawa hizi ni vifupisho vya kikemia, na hatuoni sababu ya kuyabadili. Kinachohitaji uangalifu ni kitenzi kinachoandamana na kila moja.

DTPA huchujwa. Hupita katika kifundo, haifyonzwi wala haitemwi na kineli. Kwa hiyo kasi ya kutoka kwake katika damu hutuambia kasi ya uchujaji.

MAG3 hutemwa. Sehemu yake kubwa hushikwa na seli za kineli kutoka katika damu na kutiwa katika mkojo. Kwa kuwa figo huiondoa katika damu kwa nguvu zaidi kuliko DTPA, hutoa picha nzuri hata pale figo zinapokuwa dhaifu, au kwa watoto wachanga ambao figo zao hazijakomaa. Ndiyo maana hupendwa katika kuchunguza kama njia ya mkojo imeziba. Daktari akiwa na shaka humwongezea mgonjwa dawa ya kuongeza mkojo: mstari ukishuka, njia imelegea tu, usiposhuka, imeziba.

DMSA hushikwa. Huingia katika seli za tabaka la nje la figo ikakaa humo, na picha hupigwa baada ya saa 2 hadi 4. Mahali penye kovu hapana seli za kuishika, basi huonekana kama pengo. Hii ndiyo dawa anayoihitaji mtoto wetu wa Ngaramtoni.

Sasa tuchukue taarifa ya uchunguzi wa DMSA isemayo, kwa tafsiri ya haraka, "figo ya kushoto inachuja asilimia 30". Kilichoonekana si kuchuja. Kilichoonekana ni kwamba, katika dawa yote iliyoshikwa na figo mbili, asilimia 30 ilikuwa katika figo ya kushoto, wakati figo mbili zenye afya hukaribia kugawana nusu kwa nusu. Taarifa hiyo haikusema lolote juu ya kasi ya uchujaji, wala juu ya njia ya mkojo kuziba au kutoziba. Msomaji atakayelikuta neno "inachuja" aweza kudhani kwamba uchunguzi wa uchujaji umekwisha kufanywa, akaacha kuuagiza. Kosa la kitenzi kimoja limekuwa kosa la tiba.

Wengine watauliza kwa nini tusiseme "kutoa" mahali pa "kutema". Jibu ni kwamba figo hutoa mkojo, mgonjwa hutoa jasho, na hospitali hutoa huduma. Kitenzi kimechoka kwa kazi nyingi. Kutema kuna maana moja iliyo wazi: kitu kilichokuwa ndani ya kiungo hai kimesukumwa nje na kiungo hicho, kama tezi zitemavyo mate. Kutoa kubaki kwa jambo la jumla, yaani kuondoka kwa taka mwilini.

Maneno manne ya kuangaliwa

La kwanza ni sumu. Neno hili halina nafasi katika barua yetu. Sumu hudhuru kwa nguvu ya kikemia, na dawa hizi hutiwa mwilini kwa kiasi kidogo mno hata hazionyeshi nguvu hiyo. Zaidi ya hapo ni lazima kutenganisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Unururifu ni tabia ya kitu. Mionzi ni kile kinachotoka. Kitu ni nururifu, nacho hutoa mionzi, kama jiko lilivyo moto na kutoa joto. Tofauti hii ina faida kwa mgonjwa aliyewahi kupigwa eksirei. Katika eksirei mionzi hutoka katika mashine ikapita mwilini, na mashine ikizimwa jambo limekwisha. Katika uchunguzi huu mionzi hutoka katika dawa iliyo mwilini, na kamera hupokea tu. Haimchomi mtu wala haimuliki.

Wakazi wa miteremko ya Meru wana njia yao ya kulielewa jambo lisiloonekana. Maji ya chemchemi nyingi za huko yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Machoni maji hayo ni safi kabisa. Floridi hujulikana kwa alama ya kahawia inayoiacha katika meno ya watoto. Tena floridi nyingi iingiayo mwilini hutolewa kwa njia ya figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu hubaki nayo zaidi. Mwalimu wa sayansi aanzaye somo la vifuatilizi kwa mfano huo hatawapoteza wanafunzi wake: wanajua tayari kwamba maji huchukua kitu kisichoonekana na kukipeleka mahali fulani mwilini.

La pili ni nusu ya uhai. Wako wasemao nusu uhai na wako wasemao nusu maisha. Katika darasa la fizikia maneno hayo hayadhuru sana, ijapokuwa huzaa kosa moja la kawaida: mwanafunzi hudhani kwamba nusu mbili hufanya kitu kizima, basi baada ya saa 12 teknetiamu-99m yote imekwisha. Sivyo. Baada ya saa 6 hubaki nusu. Baada ya saa 12, robo. Baada ya saa 18, thumuni. Baada ya saa 24, sehemu moja ya kumi na sita. Katika hospitali neno uhai ni hatari zaidi, kwa kuwa mgonjwa hujua uhai mmoja tu, nao ni wake. Tunapendekeza "mudanusu" kuwa istilahi ya vitabu, na kwa wagonjwa sentensi nzima: hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6.

La tatu ni kipimo. Neno hili limebebeshwa mizigo minne: uchunguzi anaofanyiwa mgonjwa, chombo kinachopimia, kiasi cha dawa anachopewa, na kiasi cha mionzi kinachobaki mwilini mwake. Katika fani hii mizigo hiyo lazima igawanywe, kwa kuwa ina vizio tofauti. Unururifu hupimwa kwa bekereli, na bekereli moja ni badiliko moja la kiini cha atomu kwa sekunde. Dawa za figo hupimwa kwa mamilioni ya bekereli. Athari ya mionzi mwilini hupimwa kwa milisiveti. Mtoto achunguzwaye kwa DMSA hupata takriban milisiveti 1, wakati mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na katika chakula humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani kote. Mtu akiandika "kipimo ni 50" bila kusema cha nini, hakuna anayeweza kujua kama ni salama au ni maafa. Tunapendekeza uchunguzi kwa jambo lenyewe, kiasi cha unururifu kwa dawa, na dozi ya mionzi kwa athari. Kipimo kibaki jina la chombo.

La nne ni usafishaji. Wataalamu wana dhana inayoeleza ni ujazo gani wa plazima ya damu unaoondolewa dawa yote kwa dakika moja. Ni hesabu tu, si tiba, na hakuna damu inayotolewa kupelekwa popote. Tukiiita usafishaji tutaichanganya na tiba ya mashine. Tunapendekeza "uondoaji", na kizio chake ni mililita kwa dakika.

Neno kwa watumishi wa bandari na viwanja vya ndege

Teknetiamu-99m haiwezi kuwekwa ghalani. Husafirishwa mzazi wake, molibdenamu-99, katika mtungi wenye kinga ya risasi, na kila asubuhi hospitali hupitisha maji ya chumvi katika mtungi huo kupata teknetiamu iliyozaliwa usiku. Mtungi wa namna hiyo ulibuniwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, na Walter Tucker na Margaret Greene mwishoni mwa miaka ya 1950. Wafanyakazi wa fani hii katika nchi nyingi huuita ng'ombe, na kazi ya asubuhi huiita kukamua. Kwa kuwa tumekwisha kumtumia ng'ombe katika mfano mwingine, hatupendekezi awe istilahi. Lakini kitenzi kukamua chafaa kabisa, na mtungi wenyewe twaweza kuuita mtungi wa teknetiamu.

Mudanusu wa molibdenamu-99 ni saa 66. Maana yake kiutawala ni hii: hati ya shehena ikikaa mezani siku tatu kwa sababu karani hakuelewa neno "nururifu", au kwa sababu fomu moja imeandika "sumu" na nyingine "dawa", zaidi ya nusu ya kilichonunuliwa kimetoweka kabla mtungi haujafunguliwa. Hakuna mwizi wala uvujaji. Ni saa tu zimepita. Shehena nyingi zaweza kungoja tafsiri nzuri. Hii haiwezi.

Funzo la neno kiuatilifu

Pengine msomaji atasema kwamba maneno kama kifuatilizi na mudanusu hayatashika, kwa kuwa hayajazoeleka. Jibu liko Ngaramtoni hapo hapo. Kwa miaka mingi palikuwa na taasisi ya utafiti iliyowekwa kwa Sheria ya mwaka 1979, na kazi yake ilihusu dawa za kuua wadudu na visumbufu vya mimea. Wakati huo watu walisema "dawa ya wadudu" tu, hata ilipokuwa dawa ya kuvu au ya magugu. Neno "kiuatilifu", lililoundwa kwa kitenzi kuua na neno tilifu lenye maana ya uharibifu, lilikuwa geni na halikosi lilichekwa na baadhi ya watu. Leo taasisi hiyo imerithiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na neno limo katika jina rasmi la mamlaka. Limeshika kwa sababu lilikuwa na kazi ambayo neno la zamani halikuiweza, na kwa sababu watumishi walilitumia kila siku bila kuona haya.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Kifuatilizi: kitu kilichotiwa alama, kinachoingizwa mwilini kwa kiasi kidogo ili njia na mwendo wake vijulikane.
2. Nururifu: -enye tabia ya kutoa mionzi kutoka katika kiini cha atomu. Nomino: unururifu.
3. Mudanusu: muda ambao unururifu wa kitu hupungua kwa nusu.
4. Uchujaji: kupita kwa maji ya damu katika kifundo cha nefroni.
5. Utemaji: tendo la seli za kineli kushika kitu katika damu na kukitia katika mkojo.
6. Ushikaji: kukaa kwa kifuatilizi katika seli za figo.
7. Uondoaji: ujazo wa plazima unaoondolewa kitu fulani kwa dakika moja.
8. Dozi ya mionzi: athari ya mionzi mwilini, kwa milisiveti.
9. Renogramu: mchoro wa kupanda na kushuka kwa mionzi juu ya figo.

Hitimisho

Tuirudie sasa ile barua, na tuiandike kwa istilahi hizi:

"Mtoto atadungwa sindano yenye dawa kidogo iliyotiwa alama nururifu. Dawa hiyo itashikwa na sehemu za figo zilizo na afya, na baada ya saa chache kamera itapokea mionzi inayotoka humo, ili daktari aone kama yapo makovu. Unururifu wa dawa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na sehemu ya dawa hutoka kwa mkojo. Dozi ya mionzi atakayoipata mtoto ni ndogo kuliko ile aipatayo mtu kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili. Uchunguzi huu si tiba, wala hausafishi figo."

Barua hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na wako watakaoona kwamba ni ndefu mno. Lakini mzazi akifika nyumbani aweza kumweleza bibi wa mtoto kwa Kimaasai kila kilichomo: kudungwa, kushikwa, kupokea, kupungua, kutoka. Anaweza pia kukataa, na hilo ni haki yake. Ila sasa atakuwa amekataa jambo lenyewe, si kosa la mfasiri.

Walimu, wafasiri na watumishi wa afya wanaombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watoe maoni yao juu ya yale yatakayokwama ulimini mwa wasemaji, ili yarekebishwe mapema.